Nyumba Iliyoanzia Chooni

Waliogawiwa ploti za Dandora katika miaka ya sabini hawakukabidhiwa nyumba, walikabidhiwa choo. Mradi huo wa ploti ulipata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1975, ukapima ploti zipatazo 6,000 mashariki mwa Nairobi, za mita mraba 100 hadi 160, na juu ya ploti pakasimamishwa kijengo kidogo chenye choo na bafu, maji yakiwa yameshaingizwa na njia ya majitaka imeshachimbwa. Wachache waliongezewa jikoni au chumba kimoja. Wengine wote, kilichobaki kilikuwa juu yao: vyumba, ua, lango, paa. Mtu alikuwa na mahali pa kuoga kabla hajawa na mahali pa kulala, na nyumba ikakua ikilizunguka bafu kama mji unavyokua ukikizunguka kisima. Walioupanga mradi walikuwa na sababu iliyo wazi. Ukuta unaweza kuwa wa mbao mwaka huu na wa mawe mwaka ujao, lakini bomba la majitaka likikosewa mara ya kwanza, kila kitakachojengwa juu yake kitarithi kosa hilo.

Siku hizi mpangilio umegeuzwa. Anayetaka kukarabati bafu lake katika mitaa jirani ya Umoja, Kayole au Buruburu huanzia pale Dandora ilipoishia: kwenye vigae. Ni rahisi kumwelewa. Kigae hakiagizwi tena kutoka ng'ambo peke yake. Tangu kiwanda kikubwa kifunguliwe Kajiado mwaka 2016, hadwea ya mtaani ambayo zamani iliuza misumari na mabati sasa ina ukuta mzima wa sampuli, na sampuli hizo zinavutia macho kuliko kipande chochote cha bomba. Kwa hiyo bajeti huliwa na kinachoonekana, na kisichoonekana hupewa kitakachobaki. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba bafu la Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, ni kazi ya anayeishi ndani ya nyumba, aifanye yeye mwenyewe kwa maana ya kuiamua mwenyewe hatua kwa hatua, na sababu yake haihusiani sana na kuokoa ujira wa fundi. Sababu ni maji. Hakuna fundi, hata awe hodari vipi, anayejua siku maji yanapokuja kwenye nyumba ile, saa yanapokatika, nguvu yake yakiwa bombani, chumvi yake yakitoka kisimani, na ni mitungi mingapi inayotumika kabla hayajarudi. Hayo huyajua mkazi tu, na ndiyo yanayoamua bafu litakuwaje.

Kumbukumbu ninayoitegemea ni ya mitaa yenyewe, maana mitaa hii imejaribu karibu kila namna ya bafu. Kaloleni ya miaka ya arobaini na Shauri Moyo zilijengwa wakati wa ukoloni, enzi ambapo Mwafrika mjini kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kupita. Bafu na choo vilikuwa vya pamoja, vya wengi, na mwenye mali alikuwa baraza la mji. Mfereji ulipovunjika uliripotiwa, na baada ya kuripotiwa ulisubiriwa. Kisha ikaja Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya sabini kwa ajili ya watu wa mishahara, bafu likiwa ndani ya nyumba, limekamilika, halina swali kwa mwenye nyumba ila kufungua mfereji. Kati ya hizo mbili ndipo ilipokaa Dandora: bafu la kwako, lakini unalolimalizia, unaloliongezea, unaloliamulia. Ukitazama leo, Buruburu iliyokamilika na Dandora isiyokamilika zote zimebomolewa na kujengwa upya kwa ndani mara nyingi kiasi kwamba ramani za mwanzo hazisaidii. Tofauti ni kwamba wa Dandora alifundishwa tangu siku ya kwanza kwamba bafu ndilo linaloiamuru nyumba. Wa Buruburu aliligundua hilo siku bomba la chuma lililokuwa ukutani kwa miaka thelathini lilipoliwa na kutu, na unyevu ukatokea upande wa pili, nyuma ya kabati la sebuleni.

Pingamizi la kwanza ni la hesabu, na lina nguvu. Desturi ya kujikarabatia nyumba kwa mikono yako ilistawi Ulaya na Marekani kwa sababu kule saa moja ya fundi bomba ni ghali, na mwenye nyumba akishika mwiko mwenyewe Jumamosi mbili huwa ameokoa fedha za maana. Nairobi mambo ni kinyume: vifaa ni ghali, mikono ni rahisi. Asubuhi yoyote, kando ya barabara, wapo vijana wanaosubiri mjengo, na ujira wao wa siku nzima haufikii bei ya boksi chache za vigae vizuri. Mtu mwenye kazi yake ana haja gani ya kujitia vumbi? Nakubali hesabu hiyo, na ndiyo maana sidai kwamba kila mtu akate vigae mwenyewe. Hata Dandora, mradi uliosifiwa duniani kama wa watu kujijengea, wengi wa wenye ploti hawakushika mwiko. Waliajiri mafundi na vibarua, na wengine wakajiunga katika vikundi vya ujenzi. Msanifu Mwingereza John Turner, aliyejifunza mambo haya katika mitaa ya Peru na kuchapisha kitabu chake kuhusu nyumba na wakazi mwaka 1976, alisisitiza jambo hilohilo: kujijengea hakumaanishi kubeba tofali, kunamaanisha kushika uamuzi. Anayebeba tofali kwa uamuzi wa mwingine ni kibarua nyumbani kwake. Anayeajiri mikono lakini akajua kwa nini bomba limepita hapa na si pale, huyo amejijengea.

Tuyachukue maji yanavyoingia. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 likiwa na uwezo wa mita za ujazo milioni 70, na mvua ilipopungua, kampuni ya maji ya jiji ilitangaza mgao kuanzia Januari 2017. Mgao huo haukuwa mgeni kwa Eastlands. Mitaa mingi ilikuwa imezoea kupata maji siku fulani za wiki, usiku, kwa nguvu inayotosha kujaza mtungi chini lakini haipandi ghorofani. Katika hali hiyo bafu ni ghala kabla ya kuwa mahali pa kuogea. Nyumba inayopokea maji siku mbili kwa wiki inahitaji kuhifadhi ya siku tano, na swali la kwanza la ukarabati ni pipa litakaa wapi, litajazwaje bila kubebwa, na litachotwaje bila kumwaga. Michoro ya bafu inayouzwa madukani haina pipa. Ina beseni la kuogea la urefu wa mtu, au kioo kirefu, au kabati chini ya sinki. Vitu vinavyokalia hasa pale ambapo lita 200 zingekaa. Mkazi anayemwachia fundi uamuzi hupewa bafu la mchoro huo, kisha baada ya mwezi pipa la bluu hurudi, likasimama katikati ya sakafu mpya kama mgeni asiyepewa kiti.

Tangi la juu lina hesabu yake ambayo yeyote anaweza kuipiga. Kila mita moja ya kimo kati ya uso wa maji na kichwa cha shawa huzaa takriban sehemu moja ya kumi ya bar moja ya kanieneo. Tangi likikaa juu ya dari tu, nusu mita juu ya shawa, maji yatadondoka kama ya birika. Likipandishwa mita mbili au tatu kwenye stendi ya vyuma iliyochomelewa na fundi wa jua kali, mtu ataoga. Lakini lita 1,000 ni tani moja, na tani hiyo haikai popote. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Eastlands zilikusudiwa kugawa vyumba tu, na wale wanaoweka tangi juu ya zege la choo kwa sababu pale ndipo pafupi na bomba wanakiomba kijengo kidogo kibebe uzito ambao hakuna aliyeukadiria. Hapo ndipo ningelipa fedha za mhandisi kabla ya za kigae. Matangi mawili ya lita 500 yaliyotenganishwa juu ya kuta imara huwa na busara kuliko moja kubwa, na yana faida ya pili: moja likisafishwa, jingine linafanya kazi.

Atakuja mwenye kusema kwamba haya yote ni ya muda. Handaki la kukusanya maji kaskazini, lililochimbwa Murang'a kwa urefu wa takriban kilomita 12, lilizinduliwa mwaka 2022 likikusudiwa kuongeza lita milioni 140 kwa siku. Kwa nini tujenge bafu la ukame ilhali neema inakuja? Jibu langu ni kwamba jiji limeahidiwa neema mara nyingi, na kila mara watu wameongezeka kuliko maji. Kulikuwa na chemchemi za Kikuyu, halafu bwawa la Ruiru, halafu Sasumua katika miaka ya hamsini, halafu Ndakaini. Kila moja ilionekana kubwa siku ilipofunguliwa. Na hata maji yakizidi bwawani, lazima yapite katika mabomba ya mtaa yaliyowekwa kwa ajili ya nyumba ya chini na familia moja, mahali ambapo sasa pana ghorofa sita na milango thelathini. Bafu lililopangwa kwa ajili ya mgao halipotezi kitu maji yakija kila siku. Lililopangwa kwa ajili ya maji ya kila siku huwa halina msaada siku ya tatu ya ukavu.

Katika bafu lote, kitu kinachoonyesha wazi zaidi kwa nini mkazi ndiye mjuzi ni choo chenyewe. Tanki la kuvutia la mtindo wa zamani humwaga lita 9 au zaidi kila mara. Familia ya watu watano, kila mmoja akivuta mara nne kwa siku, humaliza lita 180, yaani mitungi 9 ya lita 20. Tanki la kisasa la lita 6 huishusha hadi mitungi 6. Mtungi ukinunuliwa kwa shilingi 20, tofauti ni shilingi 60 kwa siku, karibu 1,800 kwa mwezi, kiasi ambacho ndani ya mwaka hulipia choo kipya na ujira wa kukifunga. Hiyo ni hesabu ya duka. Lakini mkazi wa Eastlands ana hesabu nyingine ambayo duka haliijui: siku ya kufua, maji yaliyokwisha suuza nguo hayamwagwi; huwekwa kwenye karai au ndoo, na ndiyo yanayosukuma choo mpaka jioni. Kwake tanki la kuvutia ni la siku za maji tu. Choo cha kuchuchumaa, ambacho matangazo yanakidharau kama cha ushamba, husukumwa vizuri kwa maji machache yanayomiminwa kwa mkono, hakina kifuniko cha kuvunjika wala vali ya kuvuja usiku kucha, na ni rahisi kusugua. Nyumbani penye mzee au mgonjwa wa magoti hakifai, na hapo pana haki ya kukiacha. Kwingine kote, anayeking'oa ili aonekane wa kisasa anapaswa kwanza kujiuliza maji ya kufulia atayamiminia wapi. Ikiwa jibu ni choo cha kukalia, basi achague chenye mdomo mpana, na aache nafasi ya ndoo kando yake. Ni jambo dogo mno kuandikwa kwenye mchoro, na bafu zima huishi au hufa kwa ajili yake.

Maji yanavyotoka ni habari nzito zaidi, kwa kuwa hapo nyumba yako inaisha na ya jirani inaanza bila ukuta kati. Jiji la Nairobi limeinama. Linashuka kutoka vilima vya magharibi kuelekea mashariki, na majitaka yake hufuata mito na mteremko huo, yakipita chini na kandokando ya Eastlands hadi mabwawa ya kuyasafisha huko Ruai. Watu wa mitaa hii hukaa juu ya njia ya uchafu wa sehemu kubwa ya jiji, na chemba ikiziba kwenye uchochoro mmoja, hufurika kwenye ua wa aliye chini, si wa aliyeiziba. Juu ya hilo kuna udongo. Sehemu kubwa ya Embakasi, Kayole, Umoja na Donholm imelala juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Mahali pengine bomba linalovuja chini ya sakafu ni hasara ya maji. Juu ya udongo ule ni jeki: polepole linainua sakafu upande mmoja, kigae kinapiga kelele usiku na kupasuka, na mwenye nyumba anamlaumu fundi wa vigae. Ndiyo maana wajenzi wenye akili huuchimba udongo huo na kujaza mawe na changarawe kabla ya zege, na ndiyo maana kiungo cha bomba kilicho chini ya bafu kinastahili kukaguliwa kwa jicho la mwenye nyumba kabla hakijafunikwa.

Mwinamo wa sakafu ni wa kupimwa, haukisiwi. Sentimita 2 kwa kila mita ni kipimo kizuri: bafu la urefu wa mita 2.1 linapaswa kushuka takriban sentimita 4 kutoka mlangoni hadi kwenye tundu la maji. Fundi anayefanya haraka husawazisha sakafu kwa sababu sakafu iliyolala sawa hupendeza na kigae kikubwa hukaa juu yake kwa urahisi. Kisha maji hukusanyika pembeni na kila aogaye huyafagia kwa mguu. Kigae kidogo, chenye uso wa kukwaruza, hufuata mwinamo bila kukatwakatwa na hakitelezi. Bomba la choo la inchi 4 nalo linataka mteremko wa kadiri, sentimita 2 hivi kwa mita. Likilala sana uchafu hubaki, na mteremko wa kupita kiasi wakati wa uhaba huyaacha maji machache yakimbie mbele na uchafu ubaki nyuma. Chini ya kila tundu la maji pawe na kiwiko kinachobakiza maji kimo cha sentimita 5, maana maji hayo ndiyo mlango pekee kati ya pua yako na Ruai. Tundu lisilotumika wiki kadhaa wakati wa kiangazi hukauka, na harufu ikipanda watu hununua dawa, ilhali kikombe kimoja cha maji kingetosha.

Hapo ndipo muda unapoingia, na muda ndio mali ya kweli ya mwenye kujifanyia. Fundi aliyepewa kazi kwa jumla ana haki ya kuharakisha. Kila siku ya ziada ni hasara kwake. Saruji haina haraka hiyo. Zege na plasta hutaka kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa na huendelea kukomaa kwa wiki nne. Dawa ya kuzuia maji, ipakwe sakafuni na kupanda ukutani, na upande wa shawa ipande hadi juu ya kichwa, hutaka kukauka kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Baada yake pana jaribio ambalo sijui kwa nini halifanywi zaidi: ziba tundu la maji, weka kizingiti cha udongo mlangoni, jaza sakafu maji ya kimo cha vidole viwili, weka alama ya penseli, na uondoke kwa saa 24. Alama ikishuka kuliko unavyotarajia kwa mvuke, au dari ya aliye chini ikipata doa, umeokoa fedha zote za vigae. Wapo wanaosema jaribio hilo ni ufujaji mahali maji yanaponunuliwa. Bafu la mita 1.2 kwa 2.1, maji ya sentimita 4, ni lita 100, yaani mitungi 5. Na baada ya jaribio maji hayo husukuma choo. Vigae vyenyewe, kwa bafu la ukubwa huo lililofunikwa hadi kimo cha mlango, ni mita mraba 15, ongeza moja ya kumi kwa ya kukatika, ubakize boksi moja chini ya kitanda, kwa sababu rangi ya awamu ijayo haitalingana. Sina zaidi la kusema juu ya vigae.

Lipo eneo ambalo naliacha kabisa mikononi mwa wengine, na wanaopinga kujifanyia wana haki yote kulitaja. Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, ile ambayo waya zake huonekana zikitokeza juu ya kichwa cha aogaye katika bafu nyingi za mji huu, huvuta kilowati 5.5 hivi. Kwa umeme wa volti 240 hizo ni ampea 23, karibu mara mbili ya uwezo wa plagi ya kawaida ya ampea 13. Waya mwembamba uliochepushwa kutoka kwenye taa hupata moto ndani ya ukuta mahali pasipoonekana, na waya wa ardhi ukikosekana, maji hugeuka njia ya umeme kuelekea kwa mtu aliyelowa miguu wazi. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, yenye waya wake kutoka kwenye boksi kuu na swichi yake ya kujikata. Hata hivyo, kuna jambo hata hapo ambalo fundi atauliza na mkazi tu ndiye ana jibu: maji ni ya jiji au ya kisima? Maji ya visima vingi vya Eastlands yana chumvi, huacha ukoko mweupe kwenye sufuria, na shawa zilizokusudiwa maji yasiyo na chumvi hazidumu nayo. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Anayenunua bila kulijua hilo hununua mara mbili.

Pingamizi gumu kuliko yote ni kwamba wengi wa wakazi wa Nairobi ni wapangaji. Landilodi hatarudisha fedha, na bafu zuri huenda likawa sababu ya kupandisha kodi. Kwa mpangaji, ninachosema kinabadilika umbo. Asiguse bomba lililozikwa, ila kwa maandishi. Lakini maarifa yaleyale ya maji yanamfaa kwa vitu vinavyohamishika: pipa lenye mfereji chini likiwekwa juu ya kijukwaa, kiunzi cha kuwekea ndoo, vali mpya ya tanki inayogharimu fedha kidogo na kuzuia uvujaji wa usiku. Na aliyenunua fleti asidhani ameepuka habari ya jirani. Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 inamfanya mmiliki wa sehemu yake na mshiriki wa mali ya pamoja, na bomba linaloshuka ukutani kupitia sakafu zote limo katika hiyo ya pamoja. Anayelitoboa ili aongeze choo cha pili anatoboa cha watu, hata kama ukuta unaolificha umo chumbani mwake. Landilodi wa Dandora waliopandisha ghorofa juu ya kijengo kilekile cha miaka ya sabini wamelithibitisha hilo kwa upande wa pili: njia ya majitaka iliyokusudiwa familia moja na wapangaji wachache ikapewa mzigo wa jengo zima, na uchochoro ndio uliolipa.

Je, mkazi akichukua uamuzi, kijana wa mjengo amenyang'anywa riziki? Sioni hivyo. Bafu linalofanywa kwa pupa humpa kazi ya siku nne na ugomvi wa mwisho wa malipo. Linalofanywa kwa hatua humwita mara tano: kuchimba, kuunga bomba, kumwaga zege, kupaka dawa, kuweka vigae, na kila anapoitwa analipwa kwa alichomaliza na kilichojaribiwa. Mafundi wazuri hupenda mwenye kazi anayeuliza, mradi asiwe wa kusimama juu ya bega lao siku nzima.

Kinachosahaulika baada ya yote haya ni njia zenyewe. Dandora ilipoanza, kila mtu alijua mahali bomba lilipo, kwa kuwa lilikuwa kitu pekee kilichokuwa kimesimama katika uwanja mtupu. Miaka hamsini baadaye, katika nyumba zilizoongezwa vyumba na ghorofa, hakuna ajuaye, na kila uvujaji huanza kwa nyundo ya kubahatisha: ukuta huu, la, ule, la, pengine chini ya sinki. Simu iliyo mfukoni ingetosha kulizuia hilo. Kabla plasta haijafunika, piga picha za kila ukuta na sakafu, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kando ya bomba ili umbali kutoka kona usomeke, kisha uchore kwa mkono mstari wa maji ya kuingia na wa kutoka, mahali pa kila kiungo, na chemba iliyo nje. Zichapishwe kwenye duka lolote la fotokopi, zitiwe katika bahasha moja na risiti ya bomba na karatasi za ploti. Atakayelirithi bafu hilo, awe mtoto au mnunuzi, atajua pa kugonga.